Wale wa Upenuni

Mwanangu Shija,

Umekwenda kusuka nywele kwa Mama Rehema, na umesema utarudi jua likipungua ukali. Ninazo saa tatu, labda nne kama Mama Rehema ameshaanza kusimulia habari za majirani. Nimekaa kwenye meza yako, nimesogeza pembeni vitabu ulivyoamua kuviacha, na ninaandika.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume. Una miaka ishirini na sita. Kama kuna jambo la chandarua ambalo hujalijua mpaka leo, hutalijua tena. Ninaandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana kwenye sherehe ya kukuaga.

Mchungaji alikuuliza, mbele ya wageni wote, kama mtoto aliyekulia Buseresere kwenye maduka na kelele za pikipiki ataweza kuwa Afisa Mtendaji wa kijiji cha ndani huko Kahama. Ukacheka. Ukasema, "Nitafanya kazi kama alivyofanya mama." Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka, nikaenda jikoni kuutazama wali, na wali ulikuwa umeshapakuliwa.

Hujui nilivyofanya kazi. Unakijua cheti kilicho ukutani, chenye maneno ya utumishi uliotukuka. Unajua watu wa ofisi ya kata walivyonisifu siku nilipostaafu. Yaliyobaki nilikuficha, na nilikuficha kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa. Ningeendelea hivyo mpaka nife kama nisingefungua lile jalada ulilopewa kwenye semina elekezi. Samahani, nililifungua. Ndani kuna ramani ya kijiji unachokwenda. Mstari mwekundu umepita katikati ya makazi ya watu, na ndani ya mstari wameandika "eneo la uwekezaji." Nyuma ya ramani kuna fomu tupu za kuorodhesha nyumba, miti na makaburi. Fomu hizo nazijua. Wamebadilisha nembo ya juu tu.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na tatu, karani wa kijiji, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Baadaye nikawa mtendaji. Jina la kijiji chetu silitaji hapa; wewe unalijua, na kwenye ramani za siku hizi halipo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha tofali za udongo, na msimu wa mavuno nusu yake ilikuwa ghala la pamba, kwa hiyo watu walikuja kushtakiana wakiwa wamekalia marobota. Niliandika vibali vya kusafirisha ng'ombe. Niliandika barua za utambulisho kwa vijana waliokwenda kutafuta kazi Mwadui au kuchimba Geita, na wengine wao hawakurudi, ila barua zao zilirudi, zikiwa mifukoni mwa nguo zilizoletwa na wenzao. Niliandika vizazi na vifo. Mwanamke mwenye muhuri lilikuwa jambo la kuchekesha wakati ule. Waliniita Mama Serikali, kwanza kwa kunidhihaki, baadaye kwa kuzoea.

Kulikuwa na mzee mmoja, Lubinza, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mtu mwenye ulimi. Siku moja ndugu wawili waligombania dume la ng'ombe, kila mmoja akidai ni lake, na mimi nikaagiza dume lenyewe liletwe ofisini. Lubinza akasimama mlangoni akauliza, "Mama Serikali, huyu shahidi akishafika, utamwapisha kwa kitabu gani?" Watu walicheka mpaka wale ndugu wakacheka pia, na kesi ikaisha siku hiyo hiyo kwa aibu ya kuchekwa. Nilikuwa na furaha, Shija. Lazima uelewe hilo, vinginevyo utadhani nilikuwa mtu mbaya tangu mwanzo, na hilo lingekuwa jepesi mno kwako na kwangu.

Ubaya wangu ulianza mahali ambapo watu walinisifu. Nilipenda karatasi safi. Orodha za vijiji vingine zilirudishwa kutoka wilayani zikiwa na alama za wino mwekundu: jina halijakamilika, safu haijajazwa, jumla hailingani. Zangu hazikurudi. Mwaka hadi mwaka hazikurudi. Ofisa mmoja wa wilaya alisema mbele ya watendaji wenzangu, "Jifunzeni kwa mama huyu, karatasi zake hazihitaji kutazamwa mara mbili." Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani nikamwambia baba yako, na usiku nikalirudia mwenyewe moyoni. Sikujiuliza ni nini kinachofanya karatasi iwe safi kiasi hicho. Nilijua jibu. Ukiona jambo halikai vizuri kwenye safu, unaliacha nje.

Sasa nije kwenye jina lako. Kwetu kila mtu anajua kwamba Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Ulipokuwa darasa la tatu ulirudi kutoka shule ukaniuliza, "Mama, kama mimi ni Shija, Kulwa na Doto wako wapi?" Nikakwambia walifariki wakiwa wachanga, kisha nikakutuma dukani ukanunue chumvi, na chumvi ilikuwemo ndani. Uliporudi ulinitazama usoni, ukaweka chumvi mezani, hukuuliza tena. Nilikushukuru kwa hilo. Sikupaswa kumshukuru mtoto wa miaka tisa kwa kuninyamazia.

Walizaliwa nikiwa na miaka thelathini na mitano, baada ya miaka mingi ya kuitwa tasa na ndugu za baba yako. Waliishi siku nne. Kwetu mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hakuzikwa na wanaume. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na tuta la kaburi, mchungaji hakuitwa hata kama nyumba ni ya Kikristo. Wanawake walimchukua mtoto, wakamfunga kwenye kanga ya mama yake, au wakamweka kwenye chungu kama ni pacha, wakamzika upenuni, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye paa, ili ardhi juu yake isikauke. Baba hakuonyeshwa mahali wala hakuuliza. Kazi hiyo kijijini ilikuwa ya Bibi Ngolo, mkunga, ambaye aliwapokea watoto wote wa pale, waliokaa na waliopita. Wangu aliwaweka upande wa mashariki wa nyumba yetu, vyungu viwili, mdomo wa kimoja ukielekea mwenzake. Miaka miwili baadaye ukazaliwa wewe. Mvua zikinyesha nilikuogeshea hapo.

Mgodi ulikuja wewe ukiwa na miaka minne. Kwanza walikuja watu wa vipimo, halafu watu wa mikutano, halafu fomu. Fomu ya makaburi ilikuwa na safu sita: namba, jina la marehemu, mwaka, jina la mrithi, aina ya kaburi, ya udongo au ya saruji, na safu ya mwisho. Nilipewa wiki tatu. Orodha ilitakiwa isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha ibandikwe ukutani ofisini. Nilizunguka na wazee, kaya kwa kaya. Wazee walionyesha makaburi ya baba zao na babu zao. Waligombania hata mawe. Hakuna mwanaume aliyeonyesha upenu, na mimi nilipita chini ya mapaa hayo yote nikiwa na kalamu mkononi.

Siku moja mchana Bibi Ngolo alikuja nyumbani na wanawake wawili, Mbuke na shemeji yake. Nilikuwa nachambua choroko. Alikaa chini, tukasalimiana kwa urefu, akauliza habari zako, kisha akaniita mama kwa lugha yetu, "Mayu, na wale wadogo?"

"Wepi, Bibi?"

"Usiniulize wepi. Wako nimewaweka mimi kwa mikono hii."

Mbuke ndiye aliyeruka kujibu. "Bibi, hapana. Unataka likasomwe mkutanoni? Mbele ya baba mkwe wangu? Nimezika watatu mimi. Watatu, Bibi. Wakisikia hesabu hiyo watanirudisha kwetu kesho."

"Si lazima atajwe mama," Bibi Ngolo akasema. "Aandike mtoto. Mtoto, mtoto, mtoto. Basi."

"Na jina la mrithi?" nikauliza. Ndiyo, Shija, niliuliza hivyo. "Na mwaka? Hawana majina, Bibi. Fomu haina nafasi."

Bibi Ngolo hakujua kusoma. Akasema, "Sitaki wahamishwe kama watu wazima. Mifupa ya siku nne haikai. Nataka tuachiwe nusu siku kabla ya mashine, wanawake peke yetu, kila mtu achote udongo wake kwenye chungu aende nao. Udongo tu. Hilo nalo halina nafasi?"

"Nitaona," nikasema.

Mbuke akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeokoka. "Mwache, Bibi. Mtendaji ameshasema."

Sasa soma hapa polepole. Nafasi ilikuwepo. Ile safu ya sita, ya mwisho, ilikuwa imeandikwa "maelezo mengine," na ilikuwa pana kuliko zote. Ningeweza kuandika mstari mmoja: kuna watoto wachanga waliozikwa upenuni katika kaya nyingi, wanawake wanaomba nusu siku. Bila jina la mtu. Niliiona safu hiyo nikiwa nazungumza na Bibi Ngolo, fomu ilikuwa kwenye mkeka kando ya choroko. Lakini nilijua orodha yenye maneno kama hayo ingerudishwa. Wangeniuliza wangapi, wapi, nani. Ningepoteza wiki zangu tatu, na wilayani wangesema hata mama yule siku hizi karatasi zake zina maswali. Niliacha safu ile nyeupe kutoka juu mpaka chini. Nikaandika jumla. Nikasaini hati ya pili iliyosema kwamba zaidi ya yaliyoorodheshwa hakuna kaburi lingine katika eneo hilo. Nikapiga muhuri.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba nililinda siri ya wanawake. Nilitunza desturi. Mbuke mwenyewe alikataa, shemeji yake akatikisa kichwa, sasa mimi ningefanya nini? Utetezi huo ungesimama kama si siku ya mashine.

Watu walikuwa wameshahama, makaburi ya kwenye orodha yameshahamishwa kwa heshima zote, masanduku madogo, mchungaji, wazee wa mila, turubai la kuzuia jua. Mimi nilikuwepo kwa niaba ya serikali. Zilibaki nyumba tupu za kubomolewa. Mashine ilikuwa imefika kwenye kaya ya Bibi Ngolo tulipomwona amechuchumaa upenuni kwake na kijembe kifupi, anachimba. Hatukujua amepita wapi. Mlinzi alimshika bega, naye hakugeuka, akaendelea kuchimba kwa mkono mwingine.

Msimamizi wa kazi alikuwa mtu wa kusini, mtu mzima mwenye adabu. Alinyoosha mkono, dereva akazima mashine. Akanifuata akauliza, "Mama Mtendaji, huyu bibi anatafuta nini? Kama kuna kitu hapa, sema tu. Tutasimama."

Tutasimama. Alisema hivyo. Alikuwa tayari.

Nyuma yangu walikuwepo mzee Lubinza na baba mkwe wa Mbuke, pamoja na maofisa wawili wa wilaya, na hati yangu yenye muhuri ilikuwa mkononi mwa mmojawapo. Nilimtazama Bibi Ngolo. Alikuwa ameinua uso akinisubiri, udongo umemjaa kwenye kucha. Aliniachia mimi niseme, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu.

"Hakuna kitu," nikasema. Halafu nikaongeza, bila kuulizwa na mtu, "Ni uzee tu."

Maofisa wakatabasamu. Mlinzi akamwinua kwa upole, akampokonya kijembe, akampeleka kivulini. Mashine ikawashwa. Nyumba yetu ilikuwa ya nne kutoka pale. Nilisimama nikaitazama, kwa niaba ya serikali, ikisukumwa kuanzia upande wa mashariki.

Jioni ile baba yako aliniuliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, "Uliwaweka wapi?" Nikamwambia. Akakaa. Kisha akasema, "Walikuwa wangu pia," akatoka nje. Hakunilaumu tena mpaka alipofariki, na wewe unamkumbuka kama mtu mpole. Alikuwa mpole. Lakini upole ule, kuanzia siku hiyo, ulikuwa wa mtu anayeishi na mgeni.

Mahali pale sasa ni mlima wa mawe ya taka. Nimeuona kwa mbali nikiwa kwenye basi. Ni mrefu kuliko kilima chochote cha asili kule kwetu, na mvua inauteremkia bila kuzama.

Watu wetu walitawanyika. Wachache tulikuja huku Buseresere. Umewahi kuniuliza kwa nini kwenye misiba ya watu wa kwetu siendi jikoni na wanawake wenzangu, nakaa na wageni kwenye viti. Ulidhani ni cheo. Nikienda jikoni hawanifukuzi. Wanaendelea kumenya ndizi, hakuna anayesogea kwenye mkeka. Mwaka wa tatu baada ya kuhama nilikutana na Mbuke kwenye foleni ya maji ya bomba. Alikuwa na ndoo mbili. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Mpisheni Serikali achote. Huyu ndiye aliyeandika kwamba hatukuzaa."

Nikashindwa kuvumilia. "Mbuke, wewe mwenyewe ulikataa. Ulikaa kwangu ukakataa, Bibi Ngolo akisikia."

"Nilikataa," akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa mwoga, nilikuwa naogopa baba mkwe. Wewe ulikuwa unaogopa nani?"

Nilichota maji nikaondoka. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, unajua nilivyo na vitabu, na sijapata jibu zuri la swali lile. Jibu la kweli ni kwamba sikumwogopa mtu. Niliogopa karatasi kurudi.

Bibi Ngolo alifariki kwa binti yake upande wa Shinyanga. Nilipata habari baada ya wiki mbili. Sikuwahi kumwomba radhi. Nauli nilikuwa nayo, njia niliijua, miguu ilikuwa mizima. Kila mwaka nilisema baada ya pamba, baada ya mitihani yako, baada ya mvua.

Kwa hiyo usifanye kazi kama nilivyofanya. Sikwambii ukatae ajira. Watampeleka mwingine, na huyo hatakuwa na mama wa kumwandikia barua. Nenda. Ila ukianza kuzunguka na wazee wa kaya, ujue umezunguka nusu ya kijiji. Rudi peke yako bila fomu, kaa na wanawake wanapochambua, usiulize mapema. Watakuambia usiandike. Watakuwa wanasema kweli, na bado watakulaumu baadaye, na watakuwa wanasema kweli pia. Mimi nilitaka wachague jambo moja ili nipumzike. Tafuta namna ya kuandika bila kumvua mtu nguo. Orodha yako irudishwe. Irudishwe mara tatu, ijae wino mwekundu, wakuite mzembe kwenye kikao. Utaumia, kwa sababu na wewe unapenda karatasi safi. Nimeona madaftari yako. Huenda watakuhamisha wewe kabla hawajahamisha kijiji. Siwezi kukuahidi kwamba itasaidia. Nimetumikia miaka thelathini na saba na sijaona mengi yakisaidia. Lakini mtu akizima mashine akakuuliza, utakuwa na la kumjibu.

Naona vivuli vimefika mlangoni, na nasikia unaagana na mtu barabarani. Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii niiweke katikati ya nguo zako, uikute ukiwa mbali, usome bila mimi kukuona uso. Nilishachagua hadi gauni. Sitafanya hivyo. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu. Kaa hapa kwenye meza yako usome mbele yangu, sitakwenda jikoni. Ukimaliza, niulize chochote, nami nitakujibu, hata kama jibu litakufanya kesho upande basi bila kuniaga.

Mama yako